Tunalala juu ya maduka, na geti la nyuma lina kufuli

Shikamoo mama.

Safu yako naisoma tangu sijaolewa, ila sikuwahi kudhani siku moja na mimi nitakuandikia. Naishi Kariakoo na mume wangu, watoto wetu wawili, na mama mkwe ambaye alipata kiharusi mwaka juzi na upande wake wa kushoto bado hauna nguvu. Tumepanga ghorofa ya tatu. Juu ya maduka kuna ghorofa nne, kila moja ina nyumba mbili, kwa hiyo tupo familia nane. Chini kuna fremu nne zinazotazama mtaa.

Tulipohamia, miaka minne iliyopita, fremu zote zilikuwa za vitenge na viatu. Sasa moja ni ya magodoro. Ya pili wanauza simu na chaja, na kijana wa pale anatengeneza na betri pia. Ya tatu kuna mama anakaanga chipsi na kuku. Ya nne, tangu Ramadhani ipite, ni ya mitungi ya gesi. Nimeihesabu kwa macho nikipita, haipungui sitini, midogo kwa mikubwa, na jioni mingine huingizwa koridoni.

Shida kubwa iko hapo koridoni. Ngazi yetu inashukia kwenye korido nyembamba inayopita katikati ya fremu, na ndiyo njia yetu ya kutokea mtaani. Jioni mwenye magodoro akifunga, yale yaliyobaki huyapanga ukutani mpaka karibu na dari. Chini ya ngazi wameweka jenereta la pamoja na dumu la petroli. Ngazi ya nyuma ipo, ya chuma, inapita kwenye roshani za jikoni na kushukia uani, ukitoka uani uko uchochoroni. Lakini mwaka jana wezi walipandia huko, mwenye nyumba akaweka geti la nondo na kufuli. Ufunguo anao kijana wa duka la magodoro, ambaye saa mbili usiku anafunga na kurudi kwao Mbagala.

Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika usiku. Mama wa chipsi alikuwa na oda ya watu, wakawasha jenereta palepale koridoni na mlango wa mtaani wakauegesha. Nilipofungua mlango wetu nilikuta ngazi imejaa moshi. Mtoto wangu mdogo alikohoa mpaka asubuhi. Mama mkwe aliamka kichwa kinamgonga, akatapika mara mbili. Haukuwa moto, ni jenereta tu. Lakini tangu siku ile silali vizuri. Nawaza ungekuwa moto kweli, mama tungemshusha vipi, na tungemshushia wapi? Chumba chake ni cha mwisho kabisa ndani, tulimpa hicho kwa sababu hakina kelele za mtaani, na dirisha lake lina nondo.

Mume wangu anakubali kuwa ni hatari, ila anasema nisijitie mbele. Mwenye nyumba ni mzee wa heshima, anaishi Kigamboni, hajatupandishia kodi hata mara moja, na mume wangu alipoachishwa kazi alitusubiri miezi mitatu bila kutugongea mlango. Tukimpeleka mtu kama huyo serikalini tutaonekana hatuna shukrani. Tena madalali hawakosi kuleta mtu wa kuichukua nyumba yetu kwa bei ya juu. Nilimpigia mzee simu kwa adabu, akanijibu, "Mwanangu, ajali haina kinga, tumwombe Mungu." Nikanyamaza.

Naomba unisaidie mawili. Je, inaruhusiwa mtu kuweka gesi na petroli chini ya watu wanaolala? Na nifanyeje nisivunje undugu na mzee, wala nisipoteze nyumba?

Mama wa wawili, Kariakoo

*

Marahaba mwanangu.

Naanza na usiku ule wa jenereta, maana umeuandika kama vile ulikuwa onyo tu la jambo baya litakalokuja. Usiku ule wenyewe mngeweza kufa. Moshi wa jenereta una hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ule uliounusa ni moshi mwingine uliotoka pamoja nayo. Ikiingia mwilini hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na mtu aliyelala huendelea kulala tu. Kichwa kugonga na kutapika ni dalili zake hasa. Mama mkwe wako hakuugua kwa uzee. Jenereta halikai ndani ya korido hata kwa dakika kumi, wala kuacha mlango wazi hakutoshi, kwa sababu ngazi inauvuta ule moshi kwenda juu kwenu. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma, shuka ukamwambie mama wa chipsi kilichompata mgonjwa wako usiku ule. Mwambie kwa upole, ni mama mwenzako, na sidhani kama anajua. Likiwashwa tena humo ndani, usijifungie ukavumilia: fungua madirisha, wapigie walizime, na mwenye kichwa kinachogonga atolewe nje kwenye hewa na apelekwe hospitali.

Sasa hofu yako. Naona mitungi ndiyo inayokunyima usingizi, na mtu yeyote angeiogopa. Ila ningekuwa mimi ndiye ninayekaa ghorofa ya tatu pale, kitu cha kwanza kukitafutia dawa ni lile kufuli la geti la nyuma. Cha pili ni magodoro ya koridoni. Gesi ningeiweka ya tatu, na nitakueleza kwa nini.

Watu wengi wanaokufa kwenye moto wa nyumba hawaunguzwi, huuawa na moshi. Na ngazi ya jengo, ikiwa haina mlango wa kuuzuia moshi, hufanya kazi ileile ya bomba la moshi la jiko la bekari: kinachowaka chini hupanda juu kwa kasi. Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mweusi mzito wenye ile kaboni monoksaidi na sumu nyingine ya jamii ya sianidi. Halihitaji saa nzima. Dakika chache zinatosha kuifanya ngazi yenu isipitike kwa mtu mzima mwenye miguu yake miwili, sembuse mgonjwa wa kiharusi. Kwa hiyo moto ukianzia kwa kijana wa betri, au kwa chipsi, au kwenye waya tu wa ukutani, njia ya mbele itakuwa imekufa kabla hamjaamka vizuri. Kinachobaki ni ngazi ya nyuma. Na ngazi ya nyuma inaishia kwenye kufuli ambalo ufunguo wake umelala Mbagala.

Mambo haya si ya kufikirika. Agosti 31, 2023, jengo la ghorofa tano katikati ya Johannesburg liliungua usiku na watu 76 wakafa, Watanzania wenzetu wakiwemo. Walikuwepo waliokimbilia mageti ya chuma wakayakuta yamefungwa, na wengine wakaruka madirishani. Mwaka uliofuata, Februari 29, ikawa Dhaka, Bangladesh, jengo la ghorofa saba lenye migahawa: moto ulianzia chini, ngazi ilikuwa moja, na kwenye ngazi hiyo walikuwa wamepanga mitungi ya gesi. Walikufa 46, wengi wao kwa moshi. Nimeyasoma mara nyingi matukio haya, na kila mara narudi palepale, kwamba watu wale walikuwa na muda wa kutoka ila hawakuwa na pa kutokea.

Mimi mwenyewe, nikiwa mke kijana, niliwahi kuishi juu ya duka la masofa. Liliwaka saa nane usiku. Nilifungua mlango nikanyoosha mkono kushika ukingo wa ngazi, na mkono wangu sikuuona. Nikaufunga mlango, nikalowesha kanga kwenye ndoo nikaisokomeza chini, tukakaa dirishani mpaka fundi rangi mmoja wa jirani akatuletea ngazi yake. Asubuhi tuliporudi kuangalia, upande wa nje wa ule mlango rangi ilikuwa imevimba malengelenge yote. Upande wa ndani kalenda yetu ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari wake, haijaungua hata ukingo. Tangu siku hiyo kwangu hakulaliwi mlango wazi. Mlango wa mbao uliofungwa unakupa dakika, na dakika ndizo unazozihitaji.

Umeuliza kama inaruhusiwa. Tuna Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007. Kwa sheria hiyo na kanuni zake, askari wa zimamoto wana mamlaka ya kuingia kwenye jengo kukagua, kumwelekeza mwenye jengo arekebishe kilicho hatari, na kutoa cheti cha usalama wa moto kwa majengo yanayostahili. Jengo lenye biashara chini na watu juu si nyumba binafsi ya mtu, ni jengo la kukaguliwa. Mwenye fremu naye anawajibika kwa kile anachokiweka. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba aliyepangisha sehemu za jengo azitunze zile za pamoja, yaani paa, kuta kuu na njia wanazopita wote. Korido ile si stoo ya mwenye magodoro, hata kama yeye ndiye analipa kodi kubwa kuliko nyinyi. Ni njia yenu.

Biashara ya gesi ya mitungi inasimamiwa na EWURA, mamlaka ya serikali ya udhibiti wa nishati na maji, na ina masharti yake. Sikwambii kuwa duka la gesi halipaswi kuwepo mtaani kabisa, kwa sababu sote tunapika na tunahitaji pa kununua. Ninachokwambia ni mahali pa kuiweka. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, inatambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, inatafuta bonde: mtaro, shimo la choo, chini ya ngazi. Sasa fikiria chini ya ngazi yenu kuna nini. Kuna jenereta, linalotoa cheche. Petroli nayo mvuke wake ni hivyohivyo, mzito, unatambaa. Mitungi iwe mahali pa wazi penye hewa inayopita chini, imesimama, mbali na moto, mbali na njia ya watu, na hata ile mitupu isihesabiwe kuwa salama, maana mtungi uliokwisha bado una mvuke ndani. Ukisikia ile harufu kali, ambayo huwekwa makusudi ili tuijue gesi, usiwashe taa wala usizime, usipige simu hapo ulipo. Fungua madirisha mtoke.

Wenzetu walioyaishi haya muda mrefu wana kanuni rahisi ya kuelewa. Uingereza, kwa mfano, mwongozo unaotumika sana kwa nyumba zilizo juu ya maduka unataka sakafu na kuta zinazotenganisha duka na wakazi zistahimili moto kwa dakika 60, na pawe na king'ora ambacho moto ukianza dukani kinalia mpaka vyumbani juu. Zege la sakafu yenu huenda linatosha kabisa. Tatizo huwa kwenye matundu: pale fundi bomba alipotoboa asizibe, pale waya ulipopitishwa, na pale fremu inapokuwa na mlango wa nyuma unaofungukia koridoni. Milango hiyo ya fremu ikiwa mizito, inayojifunga yenyewe, korido yenu inapona. Ikiwa ni ya bati au haipo, duka na ngazi ni chumba kimoja. Kaangalie hilo ukishuka.

Sasa tuje kwa mzee wako. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kuna jambo nadhani wewe na mume wako mmelipita. Mzee anaishi Kigamboni. Anapokuja, bila shaka anakuja mchana. Mchana magodoro yamewekwa nje mtaani yanauzwa, korido iko wazi, kijana mwenye ufunguo yupo, jenereta limezimwa. Mzee hajawahi kuiona korido yake saa tatu usiku. Wewe ulimpigia simu, ukamweleza kitu ambacho kichwani mwake hakina picha, naye akakujibu kwa maneno ambayo sote huyatumia tusipokuwa na la kusema.

Mwalikeni chakula cha usiku. Mume wako aende mwenyewe Kigamboni akamwalike, asitume ujumbe wa simu. Amwambie mama anamuulizia, na mama mkwe wako ni mtu mzima mwenzake. Afike baada ya Isha. Apite koridoni kiubavu kama mnavyopita nyinyi. Ale, ashukuriwe kwa ile miezi mitatu, tena mbele ya watoto, kwa sababu ni kweli aliwasitiri. Kisha mume wako amwombe jambo moja: "Mzee, tufanye kama kuna moto koridoni. Tuoneshe sisi na mama tunatokea wapi." Mpelekeni kwenye roshani ya jikoni, mteremke naye taratibu mpaka chini getini. Aliguse kufuli kwa mkono wake. Hapo hutahitaji maneno mengi, na wala hamtakuwa mmemshtaki.

Mkiwa palepale mwombeni mambo mawili tu. Msianze na gesi, kwa sababu gesi ni kodi ya fremu na mtu hatoi jibu la kodi amesimama uani usiku. La kwanza, kufuli litoke. Wezi ni wa kweli na hofu yake ni halali, kwa hiyo nendeni na jibu mkononi: fundi wa kuchomelea aweke komeo linalofunguka kwa mkono kutoka ndani bila ufunguo, na azibe nondo za hapo kwa kipande kipana cha bati nene ili aliye nje asiweze kuingiza mkono kulifikia. Ni kazi ya nusu siku. Familia nane mkichangiana mtailipa bila kuumia, na ningependa mlipe nyinyi, hata kama si wajibu wenu, kwa sababu mtu akiletewa tatizo pamoja na fedha ya kulitatua hana pa kukwepea. La pili, korido ibaki tupu usiku: magodoro yarudi ndani ya fremu, jenereta na petroli vitoke chini ya ngazi vikae uani, mbali na madirisha na mbali na hiyo ngazi ya chuma. Mwambieni tarehe. Kesho yake mume wako amwandikie ujumbe wa shukrani: tulifurahi kukupokea, tulikubaliana hili na hili, fundi atakuja siku fulani. Ujumbe huo mtautunza.

Kabla ya chakula hicho, pitia familia nyingine saba. Usiende peke yako mbele, hapo mume wako ana haki. Akina mama wa jengo zima mkikaa jioni moja mkakubaliana, hakuna atakayeitwa mkorofi, na dalali hawezi kuzipangisha nyumba nane kwa siku moja. Angalieni pia mikataba yenu ya pango, muda mliolipia na notisi inayotakiwa, mjue mmesimama wapi.

Tarehe ikipita bila fundi kuonekana, nendeni Zimamoto. Kituo cha Faya, Barabara ya Morogoro, ni karibu nanyi mno. Si lazima mwende kwa mashtaka. Zimamoto hutoa elimu kwa wananchi. Andikeni barua ya wapangaji wote mkiomba waje kukagua na kuwafundisha wakazi na wenye maduka, nakala mpeni mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mzee mwenyewe. Askari akisimama koridoni na kusema njia hii haipitiki, maneno hayo yatakuwa yake, si yako. Na mwambie mume wako hivi kutoka kwangu: mzee huyo siku jengo lake likiungua ataulizwa na polisi, ataulizwa na kampuni ya bima kama anayo, na ataishi na majina ya waliokufa. Kumwacha asijue ndiyo kukosa shukrani.

Na lile la ajali haina kinga. Nalielewa, na mimi hulisema misibani. Lakini ni neno la kuwafariji waliopatwa na jambo ambalo hakuna aliyeliona likija. Kufuli mnaliona kila mnapotoa takataka.

Kwa wenye maduka kuna maneno machache. Mama wa chipsi awe na mfuniko wa chuma unaoenea karai lake, na blanketi la kuzimia moto karibu. Mafuta yakishika moto asimwagie maji kamwe: maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke, na lita moja ya maji ni karibu lita 1,700 za mvuke, ambao hurusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Azime jiko, afunike, aache. Kijana wa betri asiache chaja zikiwaka usiku dukani hakuna mtu. Kila fremu iwe na mtungi wa kuzimia moto ambao mtu wa huduma ameukagua ndani ya mwaka, na wenyewe wajue pini inavutwaje. Nimeona mitungi mingi ya namna hiyo ikitumika kuzuia milango isijifunge.

Ndani ya nyumba yako usingoje mzee wala Zimamoto. Nunua kile king'ora kidogo cha moshi cha betri, kifunge darini karibu na mlango wa kutokea; ukikipata kinachotambua na kaboni monoksaidi, chukua hicho. Fundi huyohuyo wa kuchomelea akija, afanye dirisha moja liwe na nondo zinazofunguka kwa bawaba, komeo likiwa ndani, mahali ambapo hata mkubwa wa watoto wako anafikia. Lisiwe dirisha lililo juu kabisa ya fremu ya gesi au ya magodoro, kwa sababu moto wa duka hutoka mlangoni na kulamba ukuta kwenda juu. Tochi iwe na mahali pake. Mtoto mkubwa ajue namba 114, ni ya bure, na ajue kutaja mtaa, alama inayojulikana, na ghorofa ya tatu. Mtaa wenu una mikokoteni na bidhaa mpaka katikati ya njia. Gari la zimamoto lisipoelekezwa vizuri litapoteza muda mita mia moja tu kutoka kwenu.

Kisha fanyeni zoezi, Jumapili asubuhi, kama mchezo na watoto. Fumba macho, shika ukuta, hesabu hatua kutoka kitandani kwako mpaka roshani ya jikoni, halafu vidato mpaka uani. Hesabu hiyo mwili utaikumbuka hata gizani. Njia ya mbele ikiwa safi, tokeni kwa mbele. Ukifungua mlango ukakutana na moshi, usijaribu kupita hata kama unaona mwanga chini. Funga, nendeni nyuma. Nyuma nako kusipopitika, ingieni kwenye chumba chenye lile dirisha mlilolitengeneza, fungeni milango yote katikati, zibeni chini kwa nguo iliyoloa, mkae hapo dirishani mkipunga kitu cheupe na simu ya 114 ikiwa wazi. Na lifanyeni zoezi hilo mkiwa na mama. Mlazeni kwenye blanketi nene, mume wako ashike upande wa kichwa, wewe miguuni, mumburute sakafuni mpaka roshani. Ndivyo mgonjwa anavyotolewa na watu wawili bila kumwinua sana, na sakafuni ndiko hewa safi inakobaki. Kwenye ngazi ya chuma itabidi mume wako ambebe mgongoni, kanga ikimfunga kiunoni kama mtoto. Muulize kwanza. Mkubwa wa umri kubebwa mgongoni na mwanawe si jambo dogo, na bora alikubali sasa mkiwa mnacheka kuliko kubishana usiku.

Chumba chake mbadilishieni leo. Najua mlimpa kile cha ndani kwa upendo. Mletee kitanda chumba kilicho karibu na jiko, kelele atazizoea, na watoto ndio waende cha ndani, kwa sababu wao mnaweza kuwabeba mkikimbia.